Kunakili Mafaili kwa Amri: Mada Isiyofaa Kuachwa

Somo la kompyuta limekwisha kupata makao katika ratiba za vyuo vya ualimu, na hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini ndani ya somo hilo imo mada moja ambayo kila mwaka huzua manung'uniko. Ni mada ya kunakili mafaili na saraka kwa kuandika amri. Wanachuo huuliza, nao wana haki ya kuuliza, kwa nini wateswe kwa kuandika herufi katika dirisha jeusi wakati kipanya kipo mezani, na faili laweza kuburutwa kwa kidole kutoka upande huu wa skrini hadi upande ule. Baadhi ya wakufunzi wenzetu nao wameanza kuafikiana nao. Tumesikia ikisemwa katika chumba cha wakufunzi kwamba mada hiyo ni masalia ya zamani, kwamba mwalimu wa shule ya msingi hataihitaji kamwe, na kwamba yafaa vipindi vyake vipewe mada nyingine.

Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Twashikilia kwamba mada hii ibaki, na zaidi ya hapo, kwamba ifundishwe kabla ya kipanya wala si baada yake. Hatusemi hivyo kwa kupenda ugumu. Mtu anayeburuta faili kwa kipanya hutenda bila kutamka. Hakuna kinachomlazimisha kujiuliza ananakili nini, kutoka wapi, kwenda wapi, na huko kwendako kuna nini tayari. Anayeandika amri hana njia ya kuyakwepa maswali hayo, kwa kuwa amri yenyewe ndiyo majibu. Naye mwalimu ni mtu aishiye kwa kutoa maagizo. Tangu asubuhi hadi jioni huwaambia watoto wafanye hiki, waweke pale, wafungue ukurasa fulani. Na mara nyingi watoto wasipofanya alivyotaka, ni kwa sababu alichokitamka si kile alichokikusudia. Hatujapata kuona chombo kinachomwonyesha mwalimu kasoro hiyo waziwazi kuliko mashine inayotii neno lake kama lilivyo.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana ya kwamba amri hizi ni kitu kilichokufa. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutunga mfumo wa kuendesha kompyuta ulioitwa Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo, cha Novemba 1971, tayari kina amri ya kunakili, nayo imeandikwa vilevile tunavyoiandika leo: herufi mbili tu, cp. Ufupi huo haukuwa mapambo. Watumiaji wa siku hizo waliandika kwa mashine za teletaipu, zilizopiga herufi karatasini polepole na kwa kelele, na kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Linus Torvalds wa Finland alipoanzisha Linux mwaka 1991, amri ileile iliendelea kutumika huko. Simu za Android zilizomo mifukoni mwa wanachuo wetu zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Katika Windows zipo amri za copy, xcopy na robocopy, zenye tabia zake lakini kazi ni ileile. Katika makala haya tutatumia cp, maana ndiyo iliyomo katika mashine tunazofundishia.

Mwanachuo wa kwetu haji katika mada hii mikono mitupu. Kila aliyewahi kusimama katika masjala ya ofisi ya elimu ya wilaya akisubiri barua yake itafutwe anajua kwamba barua hukaa ndani ya jalada, jalada hukaa katika kabati, kabati hukaa katika chumba, na barua haipatikani mpaka njia hiyo yote itajwe. Anajua pia maana ya yale maneno mawili yaandikwayo chini ya barua za serikali, "Nakala kwa", na kwamba anayepelekewa nakala hamnyang'anyi mwenye asili. Basi saraka, au folda kama vijana wanavyopenda kuiita, ndiyo jalada. Na faili la kompyuta ndiyo barua iliyomo. Hapa pana utata mdogo wa maneno ambao mkufunzi asipoueleza mapema utamsumbua muhula mzima. Katika ofisi, faili ni jalada lenyewe lenye barua nyingi ndani. Katika kompyuta, faili ni ile karatasi moja. Tumewahi kumwona mwanachuo hodari akitangatanga kwa majuma mawili kwa sababu hiyo tu, na hakuna aliyetambua, kwa kuwa yeye na mkufunzi wake walikuwa wakitumia neno moja kwa vitu viwili.

Amri yenyewe ina sehemu tatu:

cp alama.txt nakala-ya-alama.txt

Kwanza huja kitenzi, kisha chanzo, kisha mwishilio. Lugha yetu ina viungo vingi vya kumwongoza msikilizaji. Twasema "nakili hili liende pale", na hata maneno yakipinduliwa, "pale liende hili", maana haipotei. Mashine haina kiungo hata kimoja. Haikitambui chanzo kwa jina wala kwa sura, bali kwa nafasi yake katika mstari. Ukiyabadilishia nafasi majina hayo mawili, itachukua nakala kuukuu na kuiandika juu ya alama mpya ulizozijaza usiku kucha, wala haitauliza neno. Amri hii imeundwa ikimdhania mtumiaji kuwa anajua anachokitaka. Ipo njia ya kuifanya iulize: ukiandika cp -i, kila inapokuta mahali pa mwishilio pana faili tayari, itasimama na kungoja jibu lako kabla ya kulifuta. Sisi twawataka wanachuo wa mwaka wa kwanza waandike -i siku zote, na baadhi ya wenzetu hutulaumu kwamba twawadekeza. Lawama hiyo twaipokea, kwa sababu ya mkasa tutakaousimulia sasa.

Miaka michache iliyopita, katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja, tulipewa kazi ya kukusanya tathmini za mazoezi ya kufundisha. Wakufunzi watatu, sisi tukiwa miongoni mwao, walikuwa wamewatembelea wanachuo mashuleni, na kila mmoja aliandika maoni na alama za kundi lake katika faili moja. Mafaili yote matatu yalikuwamo katika flashi ya mwenzetu mmoja, ambayo ilikuwa ikizunguka baina yetu, naye aliihitaji irudi jioni ileile. Tukafungua kompyuta ya ofisi, tukatengeneza saraka ya kuyapokea, kisha tukaandika, moja baada ya nyingine:

cp /media/flashi/kundi-a.txt tathmini
cp /media/flashi/kundi-b.txt tathmini
cp /media/flashi/kundi-c.txt tathmini

Mashine ilikaa kimya mara zote tatu. Kimya hicho tulikichukua kuwa ni dalili ya kazi kukamilika. Tukamrudishia mwenzetu flashi yake, naye akaifuta ili aweke mambo mengine. Kesho yake asubuhi tulikuta saraka tupu iliyoitwa Tathmini, kwa T kubwa, kama tulivyoiandika tulipoitengeneza. Na kando yake tulikuta faili moja lililoitwa tathmini, kwa t ndogo. Ndani ya faili hilo mlikuwa na alama za kundi C peke yake.

Twamwomba msomaji aangalie jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa kuwa mashine haikukosea hata hatua moja. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake Tathmini na tathmini ni majina mawili yasiyo na udugu. Amri ya kwanza haikukuta saraka yenye jina tulilolitaja, basi ikachukulia kwamba hilo ndilo jina jipya tunalotaka nakala ipewe, ikaipa. Amri ya pili ilikuta faili lenye jina hilo, ikaandika kundi B juu ya kundi A. Ya tatu ikaandika C juu ya B. Sisi tulidhani twaagiza vitu vitatu viwekwe sandukuni. Kumbe sanduku la jina lile halikuwapo, na kila kitu kikawekwa mahali pa kilichotangulia.

Lililotuuma zaidi ni kwamba mkwaju mmoja ungalitosha kutuokoa. Kama tungaliandika

cp /media/flashi/kundi-a.txt tathmini/

mashine ingalielewa kwamba tunakusudia saraka, ingalikataa kwa kuwa saraka ya jina hilo haipo, nasi tungaliliona kosa letu papo hapo. Vilevile kama tungaliyataja mafaili yote matatu katika amri moja ingalikataa, kwa sababu mafaili mengi hayawezi kunakiliwa kwa pamoja isipokuwa ndani ya saraka iliyopo. Ajabu ni kwamba kwa faili moja hutii, na kwa mafaili matatu hugoma. Nasi, tukiamini kwamba twafanya kwa uangalifu, tukanakili moja moja. Amri ya xcopy ya Windows ina adabu zaidi hapa: mwishilio usipokuwapo, huuliza kama jina hilo ni la faili au la saraka.

Mkufunzi wa kundi A alikuwa na daftari lake la mkono, akaandika upya kwa siku mbili. Kundi B lilikuwa letu, nasi tulikuwa tumeandika moja kwa moja katika flashi ile, tukitumia kompyuta za kuazima huko mashuleni. Wanachuo wa kundi hilo ilibidi watathminiwe upya katika juma la mwisho. Mmoja wao, mwanachuo wa kike, alikuwa amefundisha Hisabati Darasa la Tatu kwa namna ambayo hatujaisahau. Alifundisha sehemu kwa muwa mmoja alioukata mbele ya watoto, na ilifika mahali watoto wakawa wanakitaja kipande kabla kisu hakijafika upande wa pili. Siku ya tathmini ya pili alikuwa ametoka kuugua malaria. Alifundisha akiwa ameegemea meza, akapata alama ya wastani. Tulipomkabidhi karatasi yake aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mkufunzi, lakini ile ya muwa si ulikuwapo mwenyewe?"

Tulikuwapo. Lakini kanuni hutaka alama iliyoandikwa siku ya somo, wala si kumbukumbu ya mkufunzi, na hatuwezi kusema kwamba kanuni hiyo ni mbaya.

Tangu hapo ndipo tulipobadili namna yetu ya kufundisha mada hii. Zamani tulianza na orodha ya amri, siku hizi twaanza na swali la "huko kwendako kuna nini?", na kabla mwanachuo hajanakili chochote humtaka aandike ls, amri ya kuorodhesha vilivyomo, asome majina yote herufi kwa herufi, ndipo aendelee. Ni hatua ya sekunde mbili. Akisha kunakili, huandika ls tena. Na jambo likiwa zito, kama alama au majina ya watoto, humtaka alinganishe asili na nakala kwa amri ya diff, ambayo hunyamaza vitu viwili vikiwa sawa na husema vinapotofautiana. Asili haifutwi mpaka ulinganisho huo ufanyike, hata kama mwenye flashi amesimama mlangoni.

Kuhusu kimya hiki cha mashine inafaa kusema neno zaidi, maana huwapotosha wengi. Mwanachuo mgeni akiandika amri sawasawa na asione jibu lolote, hudhani imeshindikana, akairudia mara tatu. Tunamweleza kwamba cp hunyamaza inapofaulu na hunena inaposhindwa. Akitaka isimulie inachokifanya, aongeze -v. Methali husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha cp kwa kawaida hakina mshindo wowote, ingawa katika mkasa wetu kilikuwa nao.

Kunakili saraka nzima kuna mtego wake, na huu ndio tunaouona kuwa mzito kuliko yote kwa mwalimu wa shuleni, kwa sababu humnasa mtu mwenye bidii. Ukiiambia cp inakili saraka bila kuongeza kitu, itakataa na kuiruka. Hapana budi uandike -r, yaani shuka ndani, chukua na vilivyomo, na vilivyomo ndani ya vilivyomo. Sasa tuseme mwalimu ana saraka yenye mitihani yake, naye ameazimia kila Ijumaa kuiwekea akiba. Anaandika:

cp -r mitihani akiba

Ijumaa ya kwanza akiba haikuwapo. Mashine huizaa, nayo huwa sura kamili ya mitihani. Mwalimu hufungua, huona kila kitu, hufurahi. Ijumaa ya pili anaandika amri ileile, herufi kwa herufi. Lakini safari hii akiba ipo, na saraka ikiwapo mashine huielewa kuwa ni chombo cha kutiliwa. Basi huichukua mitihani na kuiweka ndani ya akiba, ikawa akiba/mitihani. Ijumaa ya tatu na zinazofuata, ni ile ya ndani inayofanywa upya. Ile ya nje hubaki na mambo ya juma la kwanza. Mwalimu huyu atafanya akiba muhula mzima bila kukosa hata Ijumaa moja, na siku kompyuta yake itakapoharibika atafungua akiba, akute karatasi za zamani, alie kwamba kazi imepotea, kumbe imo ngazi moja chini.

Amri moja, iliyoandikwa mara mbili bila kubadilishwa nukta, imetenda mambo mawili tofauti, kwa kuwa ulimwengu ilioukuta haukuwa uleule. Mtu anayetaka matokeo yasiyobadilika atatengeneza akiba kwanza kwa mkdir, kisha ataandika cp -r mitihani akiba/, na Ijumaa zote zitafanana. Yapo mengine ya kujua, nasi tutayapita upesi. Nakala hupewa tarehe ya siku iliponakiliwa, isipokuwa ukiongeza -p ili ibaki na tarehe ya asili yake. Kwa hiyo asiyejua huweza kuiona nakala kuwa ni mpya kuliko asili. Jina lenye nafasi katikati lifungiwe kwa alama za mtajo, la sivyo "Alama za Darasa la Tano" litasomwa kuwa ni mafaili matano, moja likiitwa za na jingine la. Sisi twawashauri wanachuo waunganishe maneno kwa vistari tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye ufundishaji wenyewe, maana gazeti hili si la mafundi. Kosa kubwa tunaloliona ni kuifanya mada hii kuwa orodha ya kukariri. Mkufunzi huandika amri kumi na mbili ubaoni, wanachuo huziandika madaftarini, na mtihani unapofika huulizwa -r maana yake nini. Hivyo somo la kunakili hufundishwa kwa kunakili, na hakuna aliyejifunza kunakili. Kisingizio kinachotolewa ni uchache wa kompyuta. Tunakijua kisingizio hicho vizuri. Tumewahi kuwa na mashine nne zinazofanya kazi kwa wanachuo arubaini. Lakini hatua ya kwanza ya mada hii haihitaji hata mashine moja.

Tunachofanya ni hiki. Madawati sita huandikwa majina kwa chaki. Hizo ndizo saraka. Juu yake huwekwa karatasi zenye vichwa: barua, ratiba, majina, alama. Mwanachuo mmoja huteuliwa kuwa Mashine. Sheria zake ni kali: hatabasamu, hatauliza, hatakisia mtu alikuwa anataka nini; atasoma jina herufi kwa herufi, na akifaulu atanyamaza. Mwingine huandika amri ubaoni. Kabla Mashine haijaondoka mahali pake, darasa zima huandika madaftarini nini kitatokea. Hapo ndipo penye somo, nasi hatumruhusu yeyote kuruka hatua hiyo, maana mwanachuo asiyebashiri huridhika na lolote litakalotokea na kudhani alikuwa akilijua.

Basi ubaoni huandikwa cp barua akiba, na hakuna dawati liitwalo akiba. Wengi huandika kwamba Mashine itakataa. Mashine huchukua karatasi tupu, huandika humo maneno ya barua, huipa kichwa "akiba", na kurudi mahali pake bila neno. Kisha huandikwa cp ratiba akiba. Mashine huichukua karatasi ileile, hufuta yaliyomo kwa kifutio, na kuandika ratiba. Darasa hupiga kelele. Kelele hizo ndizo tunazozitafuta. Mwaka mmoja mwanachuo aliyekuwa Mashine alishindwa kufuta, alisimama na kifutio mkononi akasema, "Lakini hii ndiyo nakala peke yake!" Tukamwambia kwamba kwa maneno hayo amekwisha kuwa mwalimu, na hafai tena kuwa Mashine, tukamteua mwingine.

Mchezo huo huchukua vipindi viwili vya dakika arubaini. Baada yake wanachuo huenda kwenye kompyuta wawili wawili, mmoja akisema amri kwa mdomo na mwenzake akiandika yale tu aliyoambiwa, kisha hubadilishana. Wale wanne wanne wanaongoja zamu hubaki na madawati na karatasi. Hatujaona kwamba wanaongoja hujifunza pungufu.

Yapo mapingamizi ambayo hatupendi kuyapita kimya. Linalotolewa mara kwa mara ni la lugha. Husemwa kwamba amri hizi ni Kiingereza, na kwamba twamlemea mwanachuo mara mbili. Kwa amri zenyewe pingamizi hili halina nguvu: cp, ls na mkdir si maneno ya lugha yoyote ya wanadamu, na Mwingereza naye hulazimika kuyajifunza upya. Kwa maonyo ya mashine, hata hivyo, twakiri kwamba lina ukweli. Mashine zetu hulalamika kwa Kiingereza, na mwanachuo anayeogopa Kiingereza hulipuuza onyo ambalo lingemwokoa. Dawa tuliyoitumia ni bango la ukutani lenye maonyo kumi yanayotokea mara nyingi na maana zake kwa Kiswahili. Kiswahili chaweza kuibeba kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Bango la ukutani halihitaji mradi. Lahitaji karatasi ya manila na mkufunzi mwenye jioni moja.

Wengine husema kwamba siku hizi kila kitu huhifadhiwa kwenye mtandao, na kunakili kumekuwa jambo lisilo na maana. Hawa twawaomba waende wakafundishe muhula mmoja mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo cha walimu, na mitihani ya majaribio hufika kwa flashi ya mwendesha bodaboda.

Na wengine huuliza kama twataka watoto wa shule ya msingi wafundishwe cp. La hasha. Mtoto wa Darasa la Tatu ana mambo yake. Twamzungumzia mwalimu wake, ambaye majina na alama za mtoto huyo zimo mikononi mwake. Ingawa, kwa kusema kweli, mchezo wa madawati tulijaribu kuucheza na watoto wa Darasa la Sita wa shule ya mazoezi, bila kutaja kompyuta hata mara moja, na aliyekuwa Mashine aliifanya kazi yake kwa ukatili kuliko mwanachuo yeyote.

Tunawaachia wanachuo zoezi moja, walifanye kwa karatasi na madawati kabla ya kugusa kibodi. Mwalimu ana saraka iitwayo darasa5, nayo ina faili la majina.txt lenye majina ya watoto arubaini. Saraka ya akiba haipo. Ijumaa ya kwanza anaandika:

cp -r darasa5 akiba

Jumatatu anahamia mtoto mpya kutoka wilaya nyingine, na mwalimu anaongeza jina lake katika darasa5/majina.txt, sasa wako arubaini na mmoja. Ijumaa ya pili anaandika tena amri ileile. Jumatatu inayofuata faili lake linamtia shaka kwamba huenda limeharibika, ingawa hajalifungua kulitazama, naye anaamua kurudisha kutoka katika akiba:

cp akiba/majina.txt darasa5/

Wanachuo waseme darasa5/majina.txt sasa lina watoto wangapi, na kama jina la yule mtoto aliyehamia bado liko mahali popote katika kompyuta ile, waandike njia yake yote.